Jinsi ya kuchanganya nanotyubu za kaboni kwenye epoksi, na kupima kama kweli imeimarika

Kama uko mwaka wa mwisho wa uhandisi mitambo na umechagua projekti ya kuweka nanotyubu za kaboni kwenye epoksi, au una karakana ya faiba na umeambiwa kuna unga mweusi ukitia kidogo tu resini inageuka chuma, soma hapa kwanza kabla hujatoa hela yako. Habari ya chuma si kweli. Ukichanganya vizuri epoksi inaongezeka ukakamavu kidogo, nguvu ya kuvutwa nayo inapanda kidogo, afu kinachopanda kwa kiasi cha kuonekana ni ukinzani wa ufa, yaani ufa ukishaanza unapata shida kutembea. Ukichanganya vibaya unapata kipande dhaifu kuliko epoksi tupu, na hapo hela imeshaenda na muda umeshaenda. Kinachoamua uangukie upande gani ni jinsi ulivyousambaza huo unga, kiasi ulichotia kinafuata baadae.

Utegemee nini

Nanotyubu ni karatasi ya atomi za kaboni iliyojikunja ikawa bomba, yenye ukuta mmoja inakuwa na kipenyo cha nanomita 1 au 2 hivi, zenye kuta nyingi zilizoingiana zinaenda mpaka nanomita 10, 20, hata zaidi. Sumio Iijima aliporipoti zile za kuta nyingi mwaka 1991 watafiti wengi wakazikimbilia, na mwaka 1994 tu Ajayan na wenzake walishazitia kwenye epoksi. Mwaka 2000 Min-Feng Yu, Rodney Ruoff na timu yao walizivuta moja moja ndani ya darubini ya elektroni wakapata nguvu ya 11 mpaka 63 GPa (GPa moja ni MPa 1000) na moduli ya Young, yaani kipimo cha ukakamavu, 270 mpaka 950 GPa. Epoksi iliyoiva moduli yake ni kama 3 GPa na inakatika kwenye 60 mpaka 80 MPa hivi, kwa hiyo mtu akiziweka hizo namba pembeni kwa pembeni anaona tofauti ya mamia ya mara na anaanza kuota. Ila kwenye jaribio lilelile la mwaka 2000 kuna jambo ambalo wengi hawalitaji, ukuta wa nje ndo uliokuwa unabeba mzigo, ulipokatika zile kuta za ndani zikachomoka tu. Maana yake kwenye nanotyubu ya kuta nyingi sehemu kubwa ya uzito ulionunua haifanyi kazi ya kubeba.

Piga hesabu yako mwenyewe kabla hujaanza, inachukua dakika mbili. Asilimia 0.3 ya uzito ni kama asilimia 0.2 ya ujazo, kwa sababu nanotyubu ni nzito kuliko epoksi. Chukua moduli ya 1000 GPa, yaani umezipendelea kabisa, zidisha kwa 0.002 unapata 2 GPa. Sasa ndani ya resini zimelala ovyo kila upande, zinazosaidia kwenye mwelekeo unaovuta ni kama moja ya tano, kwa hiyo inabaki 0.4 GPa. Epoksi yako ya 3 inakuwa 3.4, asilimia 13 hivi, na hapo tumedhani hazijajipinda na zimeshikana na resini bila kuteleza. Za dukani zimejipinda pinda kama zilivyo, chukua nusu ya hapo uwe na amani, asilimia 6 au 7. Mtu akikuletea grafu ya asilimia 80 ya ukakamavu kwa kiasi hicho cha unga, mwombe akuonyeshe epoksi yake tupu ilipikwaje, mara nyingi utakuta ndo ilikuwa haijaiva.

Sasa angalia kazi ya watu wa chuo kikuu cha ufundi cha Hamburg-Harburg, Gojny na wenzake, mwaka 2005. Walitumia nanotyubu za kuta mbili zilizowekewa makundi ya amini juu yake (kemikali inayozisaidia kushikana na epoksi), asilimia 0.5 ya uzito. Moduli ilitoka kama 2.6 GPa ikafika karibu 3.0, asilimia 15. Nguvu ikatoka 64 MPa ikafika 69. Lakini ukinzani wa ufa ulitoka 0.65 MPa√m ukafika 0.93, asilimia 43! Hiyo ndo picha halisi ya hii kitu na ndo maana nasema projekti yako isipopima ufa umeacha sehemu tamu yote mezani.

Kwanini ufa ndo unaguswa zaidi? Epoksi imefungamana kila upande kwa hiyo haina pa kunyooka, ufa ukianza unapita moja kwa moja, uso uliokatika unakuwa laini unang'aa kama kioo. Ukiwa na nanotyubu ndani, ufa unapofika kwenye tyubu unakuta bado imeshikilia kuta zote mbili za ufa, kwa hiyo lazima ama tyubu ikatike ama ichomoke, na kuchomoka kunakula nishati kwa sababu ya msuguano. Pia ufa unalazimika kukwepa na kugawanyika, ndo maana uso wa kipande chenye nanotyubu unakuwa na mikwaruzo mikwaruzo na mng'ao unapotea. Hilo unaliona hata kwa macho bila darubini yoyote.

Vitu vya kununua

Resini chukua ile ya bisfenoli A ya kimiminika, ndo ya kawaida kabisa na maabara nyingi zinayo, na hadna ya amini, yaani kemikali inayoigandisha resini. Kwenye karatasi ya bidhaa tafuta namba mbili, uzito kwa kila kundi la epoksi upande wa resini, mara nyingi inakuwa kati ya 182 na 192, na uzito kwa kila haidrojeni ya amini upande wa hadna, kwa TETA, hadna ya amini ya kawaida, ni kama 24. Gawanya 24 kwa 190 zidisha 100 unapata kama 13, basi gramu 100 za resini zinataka gramu 13 za hadna. Usipime kwa kijiko wala kwa mistari ya kikombe, hapa tunatafuta tofauti ya asilimia 7 na ukikosea hadna kwa gramu 2 tu umeshaivuruga moduli zaidi ya nanotyubu zenyewe.

Nanotyubu nashauri za kuta nyingi zilizowekewa makundi ya kaboksili au amini tayari kiwandani. Za ukuta mmoja ni ghali sana na kuzitenganisha ni shughuli, zinalala kwa mafungu yaliyong'ang'aniana. Kuna wanaonunua zile tupu halafu wanazichemsha wenyewe kwenye mchanganyiko wa asidi ya sulfuriki na nitriki kuzipa kaboksili, sishauri kwa mwanafunzi wa digrii ya kwanza, asidi hizo zikiwa moto ni hatari na zinakata tyubu zinakuwa fupi. Hayo makundi ya juu yana kazi gani, yanashikana na epoksi kikemia ili resini ikivutwa mzigo upite uende kwenye tyubu. Tyubu tupu inateleza mapema, inasaidia ufa kidogo kwa ule msuguano wa kuchomoka ila ukakamavu haupandi inavyotakiwa.

Ongeza na kaboni bleki kidogo, ile inayotiwa kwenye matairi, ni bei rahisi. Tengeneza seti moja ya sampuli yenye kaboni bleki kwa asilimia ileile. Ni chembe za mviringo hazina urefu, kwa hiyo kama nayo inakupa ongezeko lilelile basi unachokiona kinatokana na kuwa na chembe yoyote ndani, umbo la bomba halijachangia kitu. Kamati ya watahini ikiona hiyo seti itakuheshimu.

Kama kazi yako ni meza za mbao na epoksi inayong'aa, hii achana nayo, kiasi kidogo sana cha nanotyubu kinafanya resini nzima kuwa nyeusi tii.

Kifua chako

Hapa naomba usome taratibu. Unga mkavu wa nanotyubu ni mwepesi kiasi kwamba ukifungua kopo karibu na feni unapaa wenyewe. Mwaka 2008 utafiti wa Craig Poland na wenzake kwa panya ulionyesha kwamba tyubu ndefu zilizonyooka zinaleta madhara yanayofanana na ya asbesto, na mwaka 2014 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka aina moja ya nanotyubu za kuta nyingi, MWCNT-7, kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Kikomo kilichopendekezwa na NIOSH, taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, mwaka 2013 ni mikrogramu 1 kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa wastani wa saa 8, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona kabisa.

Kwa hiyo kupima unga ni ndani ya kabati la kuvuta hewa chafu, feni ya chumba imezimwa, barakoa ya N95 au P100 inayobana uso vizuri (ile ya kitambaa au ya hospitali haitoshi), glovu za naitraili pea mbili na koti la maabara ambalo huendi nalo nyumbani. Mezani tandika karatasi iliyolowa. Ukimwaga futa na kitambaa chenye maji au etanoli, usifagie wala usipulize. Unga ukishaingia kwenye resini hatari inapungua sana, inarudi siku ya kukata na kupiga msasa, na siku hiyo tumia msasa wa maji. Glovu usivue hata kwenye hatua za resini na hadna, amini inaleta mzio wa ngozi na ukishaupata haukuachi.

Kusambaza, hapa ndo kazi ilipo

Nanotyubu zinapendana zenyewe kuliko zinavyoipenda resini. Ukizimwaga tu ukakoroga kwa kijiti unapata madonge, kama uji uliotiwa unga wakati maji yameshachemka, nje yamelowa ndani yamekauka. Donge la mikroni 50 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) ndani ya epoksi kazi yake ni moja, kuanzisha ufa. Ndo maana nguvu ya kuvutwa inashuka kwa watu wengi na wanaishia kuandika kwamba nanotyubu hazifai.

Njia nzuri kuliko zote ni mashine ya roli tatu, ile inayotumika kusaga wino na rangi. Resini na unga vinapita kati ya roli zinazozunguka kwa spidi tofauti, unapunguza nafasi taratibu mpaka mikroni 5, unapitisha mara kadhaa. Inavuta tyubu zitengane bila kuzikatakata sana na haitaki asetoni. Watu wa Hamburg walitumia hii. Chuo chako kama hakina, ulizia viwanda vya rangi na wino, wanazo, na resini haiharibu roli zao mradi hujatia hadna na ukazisafisha vizuri mwenyewe.

Kama roli haipatikani unabaki na ultrasoniki ya fimbo, ile yenye ncha ya titani inayotumbukizwa, 20 kHz. Beseni la ultrasoniki la kuoshea vyombo vya maabara ni dhaifu, litakusaidia kulowesha unga tu basi. Na fimbo inataka utaratibu. Resini peke yake ni nzito sana kwa fimbo, kwa hiyo wengi wanatia asetoni kwanza, unga unaenda kwenye asetoni, unapiga, afu unaongeza resini unapiga tena. Bika inakaa kwenye barafu muda wote, unapiga kwa vipindi, sekunde 10 inawaka sekunde 10 inapumzika, jumla ya muda wa kuwaka kama nusu saa inatosha kwa kuanzia. Ukizidisha unakata tyubu zinakuwa fupi na tyubu fupi haishiki mzigo. Asetoni inashika moto kwenye baridi ya chini ya sifuri na fimbo inatoa joto, kwa hiyo ni ndani ya kabati, hakuna hita ya waya wala swichi inayotoa cheche karibu, na hauondoki hapo ukaenda kunywa chai.

Baada ya hapo asetoni lazima itoke yote na hii ndo hatua inayoharibu projekti nyingi kimyakimya. Asetoni iliyobaki inalainisha epoksi, moduli inashuka, joto la kulainika linashuka, halafu unalaumu nanotyubu. Fanya hivi: pima bika tupu na sumaku yake ya kukorogea, andika. Ukishatia resini na unga unajua jumla inatakiwa iwe gramu ngapi bila asetoni. Weka kwenye sahani ya moto nyuzi 60 mpaka 70 ikikorogwa, asetoni inachemka kwenye 56, baadae hamishia kwenye oveni ya vakyumu, na unapima tena na tena mpaka mizani irudi kwenye ile jumla na isishuke tena. Kunusa hakutoshi kabisa, pua inazoea.

Kabla ya hadna angalia ulichopata. Chukua tone libane kati ya vioo viwili vya darubini ya kawaida, ukuzaji wa mara 100. Unachotaka ni ukungu wa kijivu au kahawia uliolingana, ukiona visiwa vyeusi na katikati peupe rudi ukapige tena. Kama uko kwenye kiwanda cha rangi waombe kile kipande cha chuma chenye mfereji unaopungua kina kidogo kidogo, unaburuza resini kwa kisu chake na pale vinapoanza kuonekana vipunje na mistari unasoma ukubwa wa donge kwa mikroni. Chombo kidogo tu ila kinakuambia ukweli kwa sekunde.

Kiasi anza na asilimia 0.1 na 0.3, ukitaka ya tatu weka 0.5. Kwa gramu 113 za mchanganyiko wote asilimia 0.3 ni gramu 0.34. Ukifika asilimia 1 resini inakuwa nzito kama grisi, mapovu hayatoki, na mapovu nayo yanaanzisha ufa kama madonge, kwa hiyo mstari wa kwenye grafu unapanda halafu unashuka na mara nyingi kushuka kwenyewe kunatokana na hewa.

Na epoksi tupu ya kulinganishia ipitie kila kitu kilekile, asetoni ileile, fimbo kwa dakika zilezile, kukaushwa kulekule. Ukilinganisha sampuli iliyopitia asetoni na ile iliyochanganywa dakika tano kwenye kikombe hujapima nanotyubu, umepima asetoni.

Hadna, kalibu na kuiva

Toa hewa kwenye vakyumu kabla ya hadna, chombo kiwe kikubwa mara nne ya resini maana povu linapanda. Tia hadna, koroga pole pole kwa mkono dakika kadhaa ukikwangua pembeni na chini, rudisha kwenye vakyumu kwa muda mfupi tu, afu mimina. Usichanganye nyingi kwa mpigo, TETA inatoa joto lenyewe na kikombe kilichojaa kinaweza kufuka moshi mkononi.

Kalibu ya mpira wa silikoni au ya alumini iliyopakwa nta. Iache igande kwenye joto la kawaida saa 24 ndo uipeleke oveni nyuzi 100 kwa saa 2. Ukikimbilia oveni mapema resini inakuwa nyepesi kama maji na tyubu zinapata nafasi ya kurudiana kuwa madonge kabla hazijafungwa, kazi yote ya roli au fimbo inapotea hapohapo. Sampuli zote, tupu na zenye unga, ziingie oveni moja siku moja, umeme ukikatika katikati basi umekatika kwa wote na ulinganisho wako bado unasimama.

Walio Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar na pwani yote, unyevu ni tatizo la kweli. Hadna za amini zinanyonya maji na kaboni dioksidi ya hewani na juu ya kipande kunatokea utando wa mafuta mafuta unaonata. Kopo la hadna lifungwe muda wote, mimina kwenye chumba chenye kiyoyozi, na utando ukitokea osha kwa maji ya uvuguvugu kisha msasa wa maji, usipake kitu juu yake wala kuunganisha kabla hujauondoa.

Kupima

Kuvuta fuata kiwango cha upimaji cha ASTM D638 au ISO 527, sampuli zisipungue tano kwa kila aina. Moduli lazima upime kwa ekstensomita, chombo cha kupima kunyooka, iliyobanwa kwenye sampuli yenyewe. Ukitumia mwendo wa kichwa cha mashine unahesabu na kunyooka kwa mashine na kuteleza kwa mataya, na ile asilimia 7 tunayoitafuta inamezwa yote. Kama ekstensomita hakuna, afadhali ufanye kupinda kwa nukta tatu, ASTM D790, nguvu inayotumika ni ndogo na mashine yenyewe inanyooka kidogo.

Ufa ni ASTM D5045. Upau mdogo, tuseme unene milimita 6, kimo 12, vishikizo viko umbali wa 48. Unakata mfereji kwa msumeno mwembamba, halafu unaweka wembe mpya kwenye kitako cha mfereji na kuugonga kidogo kwa nyundo ndogo mpaka ufa wa asili uruke mbele ya wembe. Huo ufa wa kuruka ndo kipimo, ukipima mfereji wa msumeno peke yake ncha yake ni butu na namba itakuwa kubwa ya uongo, mara mbili hata zaidi. Urefu wote wa ufa uwe karibu nusu ya kimo, kati ya 0.45 na 0.55, na unausoma kwa darubini baada ya kipande kukatika, hapo mpaka kati ya eneo la wembe na eneo la mashine unaonekana wazi kabisa. Wembe mmoja sampuli moja.

Angalia mashine yako kabla. Kwa upau wa vipimo hivyo, epoksi ya 0.65 inakatika kwenye kama nyutoni 40, na ile ya 0.93 kwenye 57 hivi. Yaani uzito wa kilo 4 dhidi ya kilo 6! Mashine kubwa ya kilonyutoni 100 ya kuvutia nondo haioni kitu hapo, itakupa kelele. Unataka seli ya mzigo ya nyutoni 500 au kilonyutoni 1. Vilevile ile nyundo ya Charpy ya kupimia vyuma ya jule 300 usiisogelee, kipande cha epoksi kinakula chini ya jule 1, sindano haitatikisika. Tafuta ya plastiki.

Ukipata namba

Kama ukinzani wa ufa umepanda na moduli imepanda kidogo au imebaki palepale, uko sawa, ndivyo inavyotakiwa. Kama nguvu ya kuvutwa imeshuka, chukua vile vipande vilivyokatika utazame uso wake kwa lenzi, tafuta mahali mistari yote inapokutania, hapo ndo ufa ulipoanzia. Ukikuta kitone cheusi ni donge, ukikuta shimo la mviringo ni povu, na sasa unajua urudi hatua gani. Moduli ikishuka kwa sampuli zote zenye unga mara nyingi ni asetoni au hadna, kipimo cha joto la kulainika kwa DSC (mashine inayopasha sampuli ndogo na kupima joto inalonyonya) kitakuambia, likishuka nyuzi kumi chini ya ile tupu epoksi yako ina asetoni au haijaiva sawasawa.

Wapo wanaochukua multimita wakiona umeme unapita wanasema usambazaji ni mzuri. Umeme unapita hata kwenye kiasi kidogo sana, chini ya asilimia 0.1, na unapenda tyubu zigusane zifanye mtandao, wakati nguvu inapenda zitengane. Mbili hizo hazitaki kitu kimoja kwa hiyo multimita isikuhakikishie lolote kuhusu nguvu.

Mkipata nafasi ya darubini ya elektroni piga picha karibu na ncha ya ufa wa wembe, pale ufa wa mashine unapoanzia, utaona ncha za tyubu zimetokeza kama nywele. Zikiwa ndefu na safi zimechomoka, zikiwa fupi sana au zimebeba resini juu yake zimeshikana vizuri zaidi. Picha moja ya ukuzaji mkubwa haitoshi, weka na ya ukuzaji mdogo inayoonyesha madonge kama yapo.

Kwa watu wa faiba

Ukitaka kuipeleka kwenye boti au tangi la nyuzi za kioo, faida haiko kwenye mwelekeo wa nyuzi, hapo kioo kinabeba kila kitu. Faida iko kati ya tabaka na tabaka, pale ambapo ni resini tupu na ndipo tabaka zinapoachana. Watu wale wale wa Hamburg waliweka asilimia 0.3 ya zile zenye amini kwenye kipande cha nyuzi za kioo, nguvu ya kukatana kati ya tabaka ikapanda karibu asilimia 20. Wewe pima hiyo, ASTM D2344, upau mfupi tu.

Ila ukitumia kuvuta resini kwa vakyumu uwe makini, kitambaa chenyewe kinachuja, madonge yanabaki upande wa kuingilia na upande wa pili inafika resini iliyofifia. Utaiona rangi, huku nyeusi kule kijivu. Kwa kupaka kwa mkono na rola hilo halitokei sana, cha muhimu tabaka ziwe chache kwa mpigo maana resini nyeusi inaficha mapovu, huwezi kuona kwa macho kama ilivyo kwenye resini ya kawaida, itabidi upapase kwa kidole mahali panaponyanyuka na upitishe rola ya chuma mara nyingi kuliko ulivyozoea. Na mabaki yote yenye unga, vitambaa, glovu, resini iliyobaki kikombeni, yaache yaive kwanza kwenye mfuko uliofungwa na kuandikwa ndani yake kuna nini, usichome moto.